Ndiyo Niliyompa Mzee wa Magobore

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa nakaa mlangoni kwenye maonyesho ya bunduki. Watu wa kwetu nikiwaambia hivyo hucheka kwanza, halafu huuliza kama mume wangu alikuwa na habari. Alikuwa nayo. Yeye ndiye aliyenipeleka kila mara kwa teksi yake, kutoka kwetu Langley Park, Maryland, mpaka upande wa Herndon, Virginia, kwa kuwa mwenyewe alikuwa anakwenda kupanga foleni ya abiria uwanja wa ndege wa Dulles na njia ni moja. Kazi niliipata kama tunavyozipata sote: jirani yangu wa jengoni alikuwa anaifanya, akapata nyingine iliyo bora, hii akanisukumia mimi. Hakuniambia maonyesho ya nini. Alisema ni ukumbi, unakaa, unagonga watu muhuri mkononi, na chai ruhusa.

Siku ya kwanza nilipoona wanaume wanashuka kwenye magari na bunduki mabegani, kama watu wanaokwenda shamba na majembe yao, sikufungua mlango wa teksi. Nikamtazama mume wangu. Akaniambia kama nataka kurudi nirudi sasa hivi, maana foleni ya Dulles haimsubiri mtu. Mimi ni mtu wa hasira zaidi kuliko woga, na kilichoniudhi ni yule jirani kunificha. Nikaapa sitampa raha ya kusikia kwamba nilikimbia. Basi nikashuka.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kabla ya kunifikia, watu walipita kwa askari. Kila bunduki iliyokuja na mtu aliifungua, akachungulia kuhakikisha haina risasi, akaipitisha ukanda wa plastiki ili isiweze kufyatuka. Wakimaliza kwake wanakuja kwangu. Nawakatia tiketi, nawagonga muhuri nyuma ya mkono, na kwa mkono wangu wa kushoto nabonyeza kidude cha kuhesabia, kila kichwa mara moja. Maonyesho yalikuja kila baada ya miezi miwili mitatu, Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine nilikuwa nafua na kukunja mashuka kwenye hoteli moja huku Hyattsville.

Nilikuja na mtandio wangu kichwani, nimejiandaa kwa maneno. Yalikuja, sitadanganya, na mawili matatu nayakumbuka mpaka leo. Lakini wengi wao walikuwa watu wa adabu. Waliniamkia, walisema tafadhali na ahsante, na wazee wa Virginia waliniita "ma'am" kama vile mimi ndiye mwenye ukumbi. Wale wa hotelini wasingenijua hata wakinikanyaga.

Mwaka wa kwanza kiganja kiliniuma kwa kugonga muhuri. Mwaka wa pili nikapata nafasi ya kunywa chai ingali moto. Mwaka wa tatu nikaanza kuja na kazi ya mkono kutoka nyumbani, na hakuna aliyenikataza, kwa sababu hapakuwa na watu wa kunishughulisha. Meneja wa maonyesho, bwana mmoja mwenye masharubu na simu kubwa kiunoni, alikuwa akipita kila saa kuchungulia kidude changu cha kuhesabia. Akishaona namba anasonya, kama kwamba mimi ndiye ninayewafukuza.

Waliokuja walikuwa wazee. Hilo mtu hakuhitaji kidude kuliona. Mikono niliyoigonga muhuri ilikuwa na madoa ya uzee na mishipa ya kijani, mmoja baada ya mmoja, na wenye mikono hiyo walikuja wawili wawili, rafiki na rafiki, si baba na mwana. Wakisimama foleni walikuwa na malalamiko yale yale. Kijana hataki kwenda kuwinda, anasema baridi. Kijana kahamia mjini. Kijana yuko kwenye kompyuta. Na meza za ndani nazo zikaanza kubadilika. Mtu wa bunduki akifa au akichoka, nafasi yake inashikwa na muuza nyama kavu, au muuza fulana, au muuza vile vidoli vya kitambaa ambavyo miaka ile Wamarekani walikuwa na wazimu navyo. Nilimwona mzee mmoja amesimama mbele ya meza ya vidoli akitazama kulia na kushoto. Nadhani hapo ndipo alipokuwa akimkuta mtu wake wa bunduki.

Kazi yangu ya mkono ilikuwa kofia. Kwetu Unguja kofia ya viua ni kazi ya subira: vitambaa viwili vyeupe vinashikizwa pamoja, unachora ua, halafu unatoboa na kuzungushia uzi kila kitobo, mamia ya vitobo, mpaka kofia inasimama yenyewe. Mama yangu alishona, nyanya yangu alishona, nami nimeshona tangu sijaota meno ya ukubwani. Kofia moja nzuri hunichukua miezi minne. Nilikuwa nina binti, mmoja tu, wa miaka kumi na sita wakati huo, na nilitaka kumwachia kazi hii. Alikaa nami siku moja, akatoboa viua vitatu, akasema vidole vinamuuma, akaingia chumbani. Kiswahili anakisikia chote, lakini anakujibu Kiingereza, na kitambaa chake kilibaki na viua vyake vitatu kwenye droo ya soksi.

Kofia hiyo ndiyo iliyomleta yule mzee kwangu.

Meza yake ilikuwa pembeni, ya kwanza kabisa ukiingia, hatua kumi kutoka kwangu. Alikuwa Mzungu mrefu, mpiga chapa aliyestaafu, aliyefiwa na mkewe. Meza hiyo alikuwa ameishika tangu maonyesho yalipoanza, na watu walikuwa wakielekezana kwa jina lake: pita kwa fulani, halafu kata kulia. Juu ya kitambaa cha kijani alipanga magobore na bunduki za gumegume, za zamani mno, zile za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Nyingine ukiisimamisha ilinifika kichwani. Alikuwa amezikusanya miaka arobaini, kumi na saba kwa jumla, zote za mafundi wa milima ya huko huko Virginia. Kwenye maonyesho aliitwa muuzaji, lakini akija mtu kutaka kununua moja alimtafutia kila sababu ya kumnyima. Mmoja alimwambia mikono yake ina jasho. Alichotaka ni zikae pamoja, na mtu apite, asimame, aulize.

Na watu walikuwa hawasimami tena. Kwa hiyo alikuwa na wakati, akaniona nashona, akaja. Aliishika kofia kama mtu anayejua kushika kazi ya mwenzake, kwa ncha za vidole, akaigeuza ndani nje akatafuta mafundo. Hakuyaona, maana mafundo yangu siyafichi tu, nayazika. Akaniuliza inachukua muda gani. Nikamwambia. Akasema kitako cha bunduki akikipaka mafuta ya kitani hukisugua kwa kiganja kitupu, tabaka moja kwa siku, majira ya baridi yote. Akanionyesha kiganja. Kilikuwa kigumu na cheusi kama sufuria.

"Nani atakayeijua kazi hii baada yako?" akaniuliza.

Nikamwambia binti yangu. Akauliza kama anataka. Nikamwambia ametoboa viua vitatu.

Alicheka mpaka akakohoa. "Umenishinda vitatu," alisema.

Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Mwanawe wa pekee alikuwa na kazi ya kompyuta kwenye yale majengo ya vioo ya Herndon, dakika kumi kutoka ukumbini, na hakuwa ameingia kwenye maonyesho tangu akiwa na miaka kumi na nne. Mjukuu alikuwa na mchezo wa kompyuta ambao ndani yake aliua watu kutwa, lakini bunduki za babu yake alisema zinamtisha. Mzee alinieleza hayo bila kulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika kwa niaba yake, na yeye akinisikiliza huku anatabasamu. Akienda msalani nilihamia mezani kwake, na ili nisikae kama gogo akanifundisha: hii ya fundi fulani, hii ilipasuka kitako ikafungwa ngozi na mke wa mwenyewe, hii ilipatikana kwenye dari ya nyumba inayobomolewa. Baada ya mwaka nilizijua zote kumi na saba. Watu waliosimama walikuta mama wa Kiislamu mwenye sindano mkononi anawaeleza habari za mafundi wa milima yao wenyewe. Wengine walidhani ni mzaha.

Kwenye maonyesho ya mwanzo wa mwezi wa pili alikuja na fimbo. Nyonga ilikuwa imekwisha, na daktari alikuwa amempangia kumpasua kabla ya maonyesho yanayofuata, yale ya mwisho wa mwezi wa tatu. Alivuta kiti akakaa karibu na meza yangu ya tiketi. Meneja alikuwa amemwambia wazi kwamba meza ya mbele haiwezi kukaa tupu, watu wakiingia wakaona pengo wanageuza. Muuza nyama kavu anaitaka ile pembe siku nyingi. Mara hii ikiwa tupu, atapewa yeye, na kwa mzee itabaki nafasi ya nyuma karibu na vyoo.

"Nimemwomba mwanangu akae, amekataa," alisema. "Nimemwomba mjukuu, amekataa. Basi nimemwambia mwanangu alete tu masanduku asubuhi, azipange, aende zake, kuna mtu atakayekaa. Wewe uko hapa hapa. Utanikalia?"

Wakati ananiuliza nilikuwa nimeshaomba ruhusa ya siku zile. Ilikuwa Idi kubwa. Iwe Jumamosi iwe Jumapili, mwezi ndio ungeamua, mimi singekuwapo. Ningekuwa kwenye sala Maryland, halafu jikoni kwangu na sufuria mbili za pilau na watu wa jengo zima.

Nikamwambia, "Hapana neno, mzee. Nitakaa."

Sasa hapa inabidi nieleze, kwa sababu nikimsimulia Mmarekani hunitazama kama mwongo, na nikimsimulia mtu wa kwetu haoni hata kosa liko wapi. Nilivyolelewa mimi, mtu mzima haambiwi hapana usoni. Ni kumvua nguo. Mtu mzima akikuomba jambo unamwambia haya, hapana neno, kwa uso mkunjufu, na yeye anashukuru. Halafu, ikiwa huwezi, unamtuma mtu wa nyumbani siku ya pili au ya tatu akamwambie kwamba fulani kapata dharura. Hapana inafika, lakini haifiki na uso wako. Nakumbuka bibi mmoja jirani yetu alikuja kuniomba kwa mama nikamsaidie kupika kwenye harusi. Mama alisema bila shaka bi mkubwa, atakuja alfajiri. Magharibi alimtuma mama mdogo kwenda kusema nina homa. Bibi akasema ahsante, na alikuwa ameshamtafuta mwingine tangu mchana, maana ndiyo ya mama alikuwa ameipima na kuiona nyepesi. Hakuna aliyeudhika, na harusini tulikwenda sote kula.

Kwa hiyo sikuona kama nimedanganya. Niliona nimefanya nusu ya kwanza ya adabu, na nusu ya pili nitaifanya nyumbani. Mzee alinipa kikaratasi chenye namba yake ya simu, akaniambia mwanawe atafika saa mbili asubuhi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na macho yake yalikuwa na maji. Ningekuwa na akili ningeona pale pale kwamba huyu ndiyo yangu hakuipima. Ameibeba nzima kama ilivyo.

Mtu wa nyumbani wa kutumwa alikuwa binti yangu. Mume wangu asingefaa, yeye ni mtu wa Mombasa na kwenye simu anaweka dibaji ndefu. Wiki tatu kabla ya Idi nikampa binti kikaratasi, nikamweleza: mpigie mzee huyu, mwambie mama anakusalimu sana, kapata dharura ya sikukuu, hataweza kukaa mezani, amtafute mtu mwingine mapema. Akaniuliza kwa nini nisimpigie mwenyewe. Nikamwambia si adabu. Akaniuliza kwa nini basi nilikubali. Nikamwambia asinihoji, kazi ya mjumbe ni kufikisha, na mjumbe hauawi.

Alikitazama kile kikaratasi. "Okay, mama," akasema. "Nitam-call."

Siku moja mbili baadaye nilimuuliza, yuko mlangoni na begi la skuli, kama lile jambo limekwisha. Akasema nisiwe na wasiwasi. Nami sikuwa na wasiwasi.

Idi ilikuwa Jumamosi. Tulisali kwenye ukumbi wa kukodi, Waswahili na Wasomali na Wapakistani bega kwa bega, na baridi haikuwa kali. Pilau ilikubali. Mkongo mmoja wa ghorofa ya juu, Mkristo, alikula sahani tatu akasema "merci, mama, hii ni chakula." Nilicheka siku hiyo mpaka mbavu zikauma. Naona haya kusema, lakini yule mzee sikumkumbuka hata mara moja.

Maonyesho yaliyofuata yalikuwa ya mwanzo wa kiangazi. Nilifika, nikafungua kisanduku cha muhuri, nikainua macho kutazama pembeni. Kitambaa cha kijani hakikuwapo. Palikuwa na mitungi ya nyama kavu, ya pilipili na ya asali, na kijibao cha kuonja bure.

Nilimfuata meneja. Mwanzo hakutaka kusimama. Nikamsimamia mbele. Akaniambia, bila ubaya, kwamba ile Jumamosi ya mwezi wa tatu mtoto wa yule mzee alikuja. Alikuja saa mbili kasoro na masanduku ya bunduki zote kumi na saba kwenye gari. Alizipanga mwenyewe, zote, kila moja mahali pake kwa karatasi aliyochorewa na baba yake. Alipomaliza akauliza yuko wapi yule mama. Akaambiwa leo hayupo, ni sikukuu yao. Akasema haiwezekani, baba ameniambia atakuja. Akavuta kiti akasubiri. Alisubiri mpaka saa nne, meneja alisema, amekaa anatazama mlango, na kila mwanamke mwenye kitambaa kichwani akiingia anasimama. Waliingia wawili tu. Hakujua bei wala habari ya hata moja, watu wakiuliza anasema hajui. Saa nne akazirudisha kwenye masanduku, akaondoka. Meneja akasema kwa kuwa aliondoka, meza ikawa tupu, na sheria ni sheria.

Nilirudi kwenye kiti changu. Watu walikuja nikawagonga muhuri, lakini sikuwabonyeza kwenye kidude, na jioni namba ilikuwa ya aibu kuliko kawaida. Mtoto yule aliyekuwa hajakanyaga pale tangu ana miaka kumi na nne, siku moja aliyokuja, alikuja kunisubiri mimi.

Njiani nilimweleza mume wangu. Tulipopita daraja akasema, "Ahadi ni deni, mama watoto." Nikamwambia binti alimpigia. Akasema basi kuna jambo hapo katikati, kaulize.

Binti alikuwa mezani na vitabu vyake. Nilimuuliza kwa utulivu, kwa utulivu ule ambao watoto wangu wote, yaani yeye, wanajua maana yake. Hakupiga. Kikaratasi kilikuwa bado kwenye begi, mfuko wa mbele, hakijakunjuliwa.

"Si ulisema okay," nikamwambia.

"Mama, I thought you knew," akasema. Halafu, jambo ambalo halifanyi, akageukia Kiswahili, pole pole, neno kwa neno. "Nilisema okay kwa heshima. Sikutaka kumwambia mzee wa watu uongo wa mama yangu. Wewe si ndivyo unavyofanya? Unasema haya, halafu hufanyi. Nilidhani umenisoma usoni."

Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kulia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Kofia aliikataa. Kiswahili anakizungumza mara moja kwa mwaka. Kati ya vyote nilivyovuka navyo bahari, alichokichukua ni hiki, na alikuwa amekijua vizuri kuliko mimi. Mume wangu kutoka sebuleni akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikamwambia anyamaze, na akanyamaza.

Ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri. Meneja alinielekeza kwa simu: mzee alikuwa bado kwenye nyumba ya kuuguzia wazee huko Herndon, nyonga ilikuwa imekawia kupona. Nilikwenda peke yangu. Binti alijitolea kunisindikiza aseme yeye, nikamkatalia. Nilimkuta kitandani, amekonda, ndevu zimeota ovyo, televisheni inasema peke yake. Alinitambua mara moja na akafurahi, na hilo lilinichoma kuliko kama angenifukuza.

Nilimwambia yote nimesimama. Kwamba siku aliponiomba nilikuwa nimeshajua sitakuwapo. Kwamba nilisema ndiyo kwa sababu yeye ni mtu mzima na nilimheshimu. Kwamba kwetu hapana hupelekwa na mtu mwingine, na mtu wangu hakuipeleka. Nikiyasema kwa Kiingereza yalisikika ya kijinga kabisa, na nilijua hivyo nikiyasema, lakini niliyamaliza.

Akazima televisheni.

"Zimekwenda," alisema. "Mwanangu alirudi akaniambia, baba, hakuna mtu. Nikamwambia atakuwa amechelewa. Akaniambia nilisubiri saa mbili nzima, baba, hakuna mtu. Akaleta karatasi za dalali nikatia saini. Ameziuza moja moja. Sijui hata ziko majimbo gani."

Nikamwambia nisamehe. Akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Hiyo hapana nimeizoea," alisema. "Mwanangu aliniambia hapana miaka ishirini, na mimi niliendelea kwenda pale kila mara. Hapana haijawahi kuniangusha. Ungeniambia hapana ningelipa mtu, ningempigia rafiki, ningeahirisha kupasuliwa nyonga. Wewe ndiye mtu pekee aliyeniambia ndiyo."

Nilivuta kiti nikakaa, nikashika reli ya kitanda, nikalia. Hakunibembeleza. Alinisubiri nimalize, akaniambia chakula cha pale ni kibaya, na kwamba yule wa kitanda cha pili anakoroma. Tukazungumza hayo. Nilipoinuka kuaga alinitazama chini ya nyusi zake.

"Utakuja Jumamosi?"

Jumamosi nilikuwa na zamu hotelini, asubuhi mpaka jioni. Ndiyo ilikuwa imeshanifika ulimini, na uso umeshajikunjua wenyewe, kama nilivyofundishwa. Niliimeza.

"Hapana," nikamwambia. "Jumamosi sitaweza. Nitakuja Jumatatu, saa nne asubuhi."

Alifikiri kidogo. Akasema Jumatatu ni sawa.

Jumatatu gari zilikwama kwenye barabara ya mzunguko, ajali mbele yetu, na mume wangu akipiga honi bure. Nilifika saa nne na dakika ishirini na tano. Muuguzi wa mlangoni aliniambia mzee aliamka alfajiri kuomba anyolewe, na kwamba tangu saa tatu amekataa kurudi kitandani. Nilimkuta kitini, amevaa shati la kutokea, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, na kiti amekigeuza kuelekea mlangoni. Mwanawe alikuwa amesimama dirishani na funguo za gari mkononi, kama mtu aliyekwishasema rudi kitandani, baba, haji. Mzee aliniona, akamgeukia mwanawe kwanza.

"Huyu hapa," alimwambia.